Mpima Ardhi na Tundu la Barafu

Jumatatu, 12 Januari

Nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Upepo wa baharini. Kahawa vikombe vitatu.

Irmeli karudi tena kutoka kuogelea. Mashavu mekundu, ncha za nywele zimeganda, na anacheka. Anacheka peke yake, mlangoni, huku akivua mabuti! Nikamuuliza kulikoni. Akasema ni kitu walichozungumza kule sauna, chumba cha mvuke, Aarno kacheka mpaka kaangusha kata ya maji. Nikamwomba anisimulie, nami nicheke. Akasema, "Aa, Kalervo, hayo ni ya kule. Ukiyatoa nje yanapoa."

Ya kule! Miaka thelathini na minane ya ndoa, leo kuna "kule".

Huyu Aarno Vuorela ni nahodha mstaafu, mgane, kifua kama mlango wa ghala. Kila asubuhi anakaa ubao wa juu katika sauna ya chama cha waogeleaji, ubavuni mwa mke wangu, kwenye joto la nyuzi tisini, wote na nguo za kuogelea tu. Wakishaiva wanatoka, wanashuka ngazi ya gati, wanajitumbukiza baharini kwenye tundu lililokatwa katika barafu. Kisha wanarudi motoni. Mara tatu! Wanasema damu inachangamka na majonzi yanatoka. Mimi sina majonzi. Sikuwa nayo mpaka leo saa nne.

Majira kumi na moja ya baridi Irmeli amekuwa akinialika. Kila mara nimemjibu kwamba daktari amenikataza kwa ajili ya shingo. Hakuna daktari aliyewahi kuizungumzia shingo yangu. Ni shingo nzuri tu. Lakini sasa mambo yamefika pabaya.

Uamuzi: najiunga na chama. Nia yangu si maji. Nia yangu ni ubao wa juu, katikati ya hao wawili. Joto ndiyo, baridi hapana. Nimewapimia watu mipaka ya mashamba miaka thelathini na mitano. Nishindwe kuweka mpaka kwenye ubao?

Jumanne, 13 Januari

Nimekwenda kwa Lempi Saarikko, mwenyekiti. Ana miaka themanini na mmoja, mwili wa shomoro, funguo zote za chama zinaning'inia kifuani pake. Nikamweleza kwamba nataka uanachama wa sauna. Sauna tu, polepole, kwa afya.

Akasema hakuna kitu kama hicho. "Hapa si bafuni kwenu, Kalervo. Anayeota moto wetu aoge na bahari yetu. Mabega ndani, kofia tu juu." Akauliza kama nitaweza.

Hapo ulimi ukanitangulia. Nikasema nimekulia kando ya ziwa, na ujanani nilikuwa naogelea chini ya barafu, nazama tundu hili naibukia lile. Sijui hiyo "chini ya barafu" ilitoka wapi. Kusema "kwenye barafu" kungetosha kabisa.

Lempi alinitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo ya mkataba. Kisha akatabasamu. Jumapili wanakuja wageni, chama cha ng'ambo ya ghuba. Desturi ni kwamba mwanachama mpya wa wenyeji ndiye anayeingia majini kwanza mbele ya watu wote, kutoka ngazi hii hadi ile. Mwaka huu walikuwa hawana mwanachama mpya hata mmoja. "Mungu hamtupi mja wake," akasema, akaniandika daftarini kwa wino. Wino!

Nilimwambia Irmeli wakati wa chakula cha mchana. Aliweka uma chini. "Wewe? Baharini? Na shingo je?" Imepona, nikasema. Akaniuliza mara ya pili kama ni kweli kabisa. Ni kweli kabisa, nikasema. Akainuka akaenda jikoni, akakaa huko dakika kumi na nne. Alirudi macho mekundu. Vitunguu, akasema.

Tulikuwa tumekula samaki wa kopo na viazi. Hapakuwa na kitunguu mezani wala jikoni. Ni wazi: ana hofu. Siri zao zinakaribia kufichuka!

Jumatano, 14 Januari

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, wanasema wahenga. Wahenga gani hao? Hawakuiona bahari ya Januari.

Mazoezi. Irmeli alipoondoka nilibeba theluji ndoo kumi na mbili kutoka roshani, nikajaza beseni la kuogea, nikaongeza maji ya bomba. Mguu wa kushoto ndani. Sekunde nne. Nilimwita marehemu mama kwa jina lake la utotoni. Jirani wa chini akagonga bomba.

Jaribio la pili: kidole gumba cha mguu peke yake. Sekunde tisa. Maendeleo! Kwa kasi hii mwili wote utakuwa tayari mwezi wa Juni.

Jumapili lakini haitasubiri Juni. Nimempigia binamu yangu Ilpo, ambaye hupiga mbizi. Amenipa vazi lake la zamani la mpira, lile zito linalozuia baridi. Nimelikata mikono na miguu kwa mkasi wa bustani. Juu yake nitavaa nguo ya kuogelea ya marehemu babu, ya mistari, inayofika magotini. Nitasema ni kwa heshima ya babu. Nani atabishana na babu wa mtu?

Alhamisi, 15 Januari

Nimelivaa vazi asubuhi ili nilizoee. Limekaa vizuri sana. Limekaa mno! Halivuki. Nimevuta kutoka juu, nimevuta kutoka chini, nimejikwaruza kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe mwenye kupe. Wapi!

Mchana, supu ya njegere, kama kila Alhamisi. Nimekaa mezani na mpira chini ya sweta la sufu. Jasho likawa linadondokea kwenye bakuli. Irmeli akanishika paji la uso, akauliza kama nina homa.

Nikasema ni mapenzi.

Akaniongezea supu upawa mzima, na haradali, bila ya kuulizwa. Alinitazama namna ambayo sikuiona tangu tulipohamia nyumba hii. Dhamiri inamsuta, hiyo ni wazi.

Nimelala na vazi. Najigeuza, nalia kwiikwii kama mlango wa zizi.

Ijumaa, 16 Januari

Siku ya kwanza chamani. Nimeshinda na nimeshindwa.

Ushindi: ubao wa juu, katikati, kama nilivyopanga. Irmeli kushoto, Aarno kulia. Nahodha akanipa mkono uliokuwa na ukubwa wa kikaango, akasema, "Karibu, mpima! Tumekungoja." Wameningoja! Ujasiri ulioje. Akaipongeza nguo ya babu. Akasema goti lake la kulia limevimba, hawezi kujipinda vizuri, lakini joto linalilainisha. Kisha akachota maji akayamwagia mawe yaliyo juu ya jiko.

Joto lile lina makucha. Lilipanda ukutani, likapinda darini, likanishukia kisogoni. Wenzangu wakapumua kwa raha. Mimi ndani ya mpira nilikuwa natokota kama kiazi kwenye sufuria yenye kifuniko. Nikasikia Aarno akimwambia Irmeli, kwa kicheko, "Hebu tusimulie tena ile ya—" Irmeli akamkanyaga mguu. Niliona kwa macho yangu! Akamkanyaga, na nahodha akatazama dari.

Ushahidi. Nilitaka kusimama nidai maelezo. Nikasimama. Dunia ikazunguka. Nilishuka kwa mikono na magoti mpaka mlangoni, nikawaambia kuwa naikagua sakafu.

Nje nilikimbilia nyuma ya banda la kuni. Lile vazi, kwa jasho lote lile, lilinivuka lenyewe kama gamba la nyoka. Nikaanguka kwenye theluji, uchi isipokuwa babu kiunoni, na nitaandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: kwa muda kidogo ilikuwa tamu. Nyota mchana kweupe. Kifua kikafunguka. Nikacheka, sijui nilicheka nini.

Lempi akatokea na toroli la kuni. "Wenzako wanaingia baharini," akasema, "wewe unapigana mieleka na theluji. Nani anashinda?" Nikamuuliza kama theluji inahesabika. Haihesabiki.

Jumamosi, 17 Januari

Nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri. Balaa!

Vazi nililoficha chini ya kuni halipo. Lipo kwenye ubao wa matangazo, chamani, limetundikwa kwa misumari miwili, na karatasi: KIMEOKOTWA. MWENYEWE AJITOKEZE. Mwenyewe hakujitokeza. Mwenyewe alisema mbele ya watu kwamba siku hizi vijana hutupa vitu ovyo.

Bila vazi, siwezi kuingia. Nisipoingia, naumbuka mbele ya vyama viwili, na Aarno ataingia badala yangu na goti lake bovu, shujaa, na Irmeli atampangusa kwa taulo. Haiwezekani. Kwa hiyo si mimi wa kuondolewa. Ni maji.

Nimelifikiria kitaalamu. Tundu lile haligandi kwa sababu ya pampu iliyo chini ya gati, inayochochea maji mchana na usiku. Pampu ina waya. Waya una plagi. Plagi iko kwenye kisanduku ukutani, nyuma ya banda. Katika baridi hii maji yakituama, kufikia kesho asubuhi yatakuwa na mfuniko. Hakuna tundu, hakuna kuogelea. Wageni watakunywa kahawa, watakula soseji, watapanda basi lao. Hakuna aliyeumia!

Saa nane na nusu mchana nimepita pale kama mtu anayenyoosha miguu. Nimechomoa. Nimeondoka nikipiga mluzi.

Theluji imeanza kuanguka. Hata mbingu iko upande wangu.

Jumapili, 18 Januari

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Niliwahi kabla ya wote, saa tatu, kumekucha kwa shida. Tundu halionekani! Theluji nyeupe, sawasawa, kutoka gati hadi upeo wa macho. Nilifurahi kama mtoto. Lakini nikawaza, Lempi atataka hoja. Atasema barafu nyembamba, leteni msumeno. Mtaalamu huja na vipimo. Nikatoa rula mfukoni, nikashuka ngazi na makoti yangu yote, nikaweka mguu mmoja kwenye barafu ili nipime unene wake.

Unene wake ni sentimita tatu. Nilijua nilipokuwa nikiipita.

Nimesikia watu wakisema maji ya baridi huchoma kama sindano. Si kweli. Ni kama kufungiwa ndani ya kengele inayopigwa. Pumzi iliingia ikagoma kutoka. Koti likanivuta chini, mabuti yakajaa, rula ikaenda zake. Maisha yangu yote nimehesabu kila kitu. Pale sikuhesabu. Nilichofikiri ni kwamba Irmeli atakuja na kapu lake la taulo atakuta theluji na kofia.

Akaja. Sauti yake niliisikia kabla ya kumwona. Akatupa kapu. Alishuka ngazi ile na koti lake la kutokea, la bluu, mpaka kifuani, akanikamata ukosi. "Toa pumzi, Kalervo! Toa! Usivute, toa! Nitazame mimi!" Nilimtazama. Nikatoa pumzi. Ikatoka na sauti kama ya bata, lakini ikatoka. Aarno akajilaza kifudifudi kwenye gati, goti na yote, akaninyooshea fagio la theluji. Kwa nyuma Lempi alikuwa akipiga kelele, "Shika koti! Msimshike nywele, hana za kutosha!"

Na hapo ndipo basi la wageni lilipofika.

Waliona nini? Waliona mzee ndani ya barafu iliyovunjwa kwa mwili wake mwenyewe, amevaa koti na kofia, akikoroma kama sili wa baharini, na wenyeji wamejipanga kwa heshima kandokando yake. Walidhani ufunguzi umeanza. Wakapiga makofi! Mmoja akasema kwao hawajawahi kuona mtu akiingia bila kukata tundu kwanza. Kati ya ngazi na ngazi ni mita sita. Mbili niliogelea. Nne nilivutwa. Makofi yalikuwa ya zote sita.

Kisha sauna. Ubao wa juu. Irmeli upande huu, Aarno upande ule, mimi katikati, nikitetemeka mpaka mbao zinalia. Nahodha alimwagia mawe maji kidogo tu, kijiko kwa kijiko, kama anayemlisha mgonjwa. Joto likaingia polepole, kwanza masikio, kisha mgongo, kisha mahali ambapo sikujua kuwa ni pa baridi. Irmeli alinishika mkono. Hakuuachia.

Nikauliza. Sikuwa na nguvu za hila. Nikauliza walikuwa wanacheka nini Jumatatu.

Wakatazamana. Aarno akasema hapa ubaoni kila mtu husimulia habari za mtu wake. Yeye husimulia za marehemu mkewe Hilkka, miaka saba sasa, maana nyumbani hana wa kumsimulia. Irmeli husimulia zangu. Jumatatu ilikuwa ile ya mimi kupima theluji ya mlangoni kwa rula kila asubuhi mwezi mzima, nikawaandikia barua watu wa manispaa kwamba vipimo vyao vimepunguka sentimita mbili.

"Nakufahamu kuliko mdogo wangu," akasema nahodha. "Bila wewe, mpima, sauna hii ingekuwa na joto tu."

Irmeli akasema, akiyatazama mawe, "Hujawahi kuogelea baharini majira ya baridi hata siku moja. Nilijua ulipofungua mdomo." Nikauliza kwa nini basi hakusema. Akasema, "Nina kigingi changu cha kutundikia nguo pale chumba cha kuvulia nguo. Cha pembeni yake nimekuwa nikiweka kofia yangu juu yake, miaka kumi na moja, ili mtu mwingine asikichukue. Ningesema nini? Nikutishe urudi nyumbani?"

Kulikuwa na mvuke mwingi machoni.

Baadaye nilitundika koti langu kwenye kigingi hicho. Kiko chini sana, nadhani kwa sentimita tatu. Nitalitaja kwenye mkutano.

Jumatatu, 19 Januari

Mafua. Vinginevyo mzima, na maarufu! Nimelifikiria upya jambo lote. Miaka kumi na moja chama kizima kimekuwa kikizungumza habari zangu kila asubuhi. Nilikuwa nashuku kwamba nina umuhimu wa namna fulani, ila sikuwa na takwimu.

Mchana Lempi aliniita nyuma ya banda. Alifungua kisanduku, akanionyesha plagi. Akasema, "Hii haina miguu, Kalervo." Akanionyesha nyayo chini ya theluji mpya, buti la kulia likielekea nje kidogo. Yangu huwa hivyo. Nikaanza kumweleza kuhusu panya wa majini.

Hakunikatiza. Alingoja nimalize panya wote. Kisha akasema taratibu, "Kila asubuhi anayeshuka kwanza ngazi ile ni Irmeli. Anashuka kinyumenyume, hatazami chini. Ungechelewa robo saa jana, je?"

Niliitazama plagi. Niliitazama kwa muda, na sasa ninapoandika naiona bado.

Hatamwambia mtu, akasema, ila mpaka barafu itakapoyeyuka mimi ndiye nitakayekuja kila siku kunapopambazuka, niikague pampu, niondoe theluji, nipasue kuni.

Jioni nilitaka kumweleza Irmeli. Nikaanza, "Irmeli, kuhusu ile barafu..." Akaniomba nimpe sukari. Nikampa sukari. Saa ya kusema ikapita.

Kwa hiyo: nimeteuliwa Mkuu wa Pampu. Siku ya nne tu ya uanachama! Hakuna aliyewahi kupanda cheo haraka hivyo.

Jumatano, 21 Januari

Nyuzi saba tu chini ya sifuri, karibu kiangazi. Leo nimeingia kwa hiari yangu, mabega ndani. Sekunde kumi na moja. Irmeli alihesabu kwa sauti, na ilipofika saba akawa anacheka. Nilipotoka mwili wote ulikuwa unaimba. Nimemweleza Aarno makosa yake ya kupumua. Amenishukuru.

Ningeweza kuishia hapo. Mtu mwenye amani moyoni angeishia hapo.

Lakini wakati wa kahawa Irmeli kasema kwamba Jumamosi kuna dansi kwenye ukumbi wa wastaafu, na kwamba anatamani kwenda. Kuna mpiga kodiani mpya, Risto Kangasniemi. Kasema anapiga vizuri ajabu. Kasema ana vidole virefu.

Vidole virefu! Vidole vya mtu vinaonekana saa ngapi, mpaka uvitazame?

Nikaweka kikombe chini kwa utulivu. Nikasema itakuwa vizuri kwenda, hasa kwa kuwa ujanani nilikuwa bingwa wa dansi ya tango wa wilaya tatu.

Irmeli alinitazama kwa muda mrefu. "Tatu?" akauliza.

"Nne," nikasema. "Moja ilikuja kugawanywa."

Hakubisha. Aliinama kidogo juu ya kikombe chake, mabega yakatikisika, nadhani kahawa ilimpalia. Kisha akainuka akapiga simu ukumbini, akiwa amenipa mgongo. Jambo limepangwa. Jumamosi saa kumi na mbili jioni, kabla ya watu wote, sisi wawili tunafungua dansi.

Nimekwisha sukuma meza na viti ukutani. Nimechora mistari ya chaki sebuleni, pembe zote sahihi kabisa. Siku tatu zinatosha sana kwa mtu mwenye mpango. Kilichobaki ni jambo dogo la kiufundi, nalo nitalipata kesho maktaba: tango huanza na mguu upi.